Je, Mkubwa Ana Hatia kwa Jambo Asiloliamuru?



Majuma machache yaliyopita somo la kwanza katika ibada lilikuwa lile la mtoto Samweli aliyeitwa usiku, akadhani ni Mzee Eli anayemwita. Sote twalipenda somo hilo kwa ajili ya mtoto, lakini mara nyingi twasahau ujumbe wenyewe aliopewa. Ulikuwa ujumbe mzito: nyumba ya Eli itahukumiwa, kwa sababu wanawe walifanya maovu naye hakuwazuia.

Baada ya ibada, mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, wewe umefundisha miaka mingi. Hebu niambie, Mzee Eli alikosa nini? Waliokula sadaka za watu ni wanawe. Waliowaonea wanawake ni wanawe. Yeye mwenyewe aliwaonya kwa kinywa chake. Mbona adhabu ikamwangukia na yeye?"

Nilimjibu haraka haraka, kama tufanyavyo walimu tunapoulizwa swali ambalo hatukujiandaa nalo, kwamba mzazi hujibu kwa ajili ya mwana. Mama yule alinitazama kama mwanafunzi asiyeridhika. Kwa kweli na mimi sikuridhika. Nikamwahidi kwamba nitajaribu kumjibu katika kurasa za gazeti letu hili. Leo natimiza ahadi, na nitapita njia ndefu kidogo. Nitasimulia maisha ya jemadari mmoja wa Japani, maana katika maisha ya mtu huyo swali la mama yule limo lote, pamoja na jambo jingine ambalo hakuliuliza.

Huenda wengine watashangaa: Wajapani wametuhusu nini? Kwangu mimi jambo hili lilianza nyumbani. Baba yangu mzazi alikuwa askari wa KAR. Mwaka 1944 alikuwa miongoni mwa vijana wa Afrika Mashariki waliopita Bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua na matope, wakipigana na Wajapani. Alirudi na blanketi moja, jozi ya viatu, na maneno machache. Sisi watoto tulipomwuliza kama Wajapani walikuwa watu wabaya, alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Walifundishwa vibaya." Hakuongeza neno. Nami nilipokuwa mwalimu maneno hayo yalinirudia mara nyingi, nikataka kujua ni nani aliyewafundisha. Ndivyo nilivyokutana vitabuni na Jenerali Hitoshi Imamura.

Imamura alizaliwa mwaka 1886 katika mji wa Sendai, kaskazini mwa Japani. Baba yake alikuwa hakimu. Kijana alitarajia kuendelea na masomo ya kawaida, lakini baba akafariki, na nyumba ya mjane haikuwa na uwezo wa kumsomesha. Kwa hiyo akaingia chuo cha maofisa wa jeshi, akahitimu mwaka 1907. Mwaka 1915 alimaliza Chuo Kikuu cha Vita akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Katika darasa hilo hilo la mwaka 1915 walikuwamo vijana wengine wawili ambao majina yao yangejulikana baadaye. Mmoja aliitwa Hideki Tojo, na mwingine Masaharu Honma. Nawaomba wasomaji wayashike majina haya matatu, kwa kuwa walimu wao walikuwa wale wale na vitabu vyao vile vile, lakini mwisho wao ulikuwa mbalimbali.

Imamura na Honma walipelekwa Uingereza mwaka 1918 kujifunza mambo ya jeshi la huko. Mwaka 1927 Imamura alikaa India kama mwakilishi wa jeshi lake. Basi hakuwa mtu wa kijijini asiyewahi kuona wageni. Alikula nao, alijua kwamba Mwingereza ni mtu na Mhindi ni mtu. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalihitaji mbele.

Japani ilipoingia vitani na Uchina, Imamura aliongoza Divisheni ya 5 huko kusini mwa Uchina. Vita vile vilichafuka sana. Askari wa Kijapani waliiba, walichoma nyumba, walinajisi wanawake, waliua raia. Wakubwa wa jeshi huko Tokyo waliona kwamba nidhamu imevunjika, wakaamua kuandika kijitabu cha mafundisho kwa ajili ya askari wote walioko vitani. Kiliitwa Senjinkun, nacho kilitolewa Januari 1941 kwa jina la Waziri wa Vita, ambaye ni yule yule Tojo. Lakini kazi ya kukitayarisha ilifanywa katika idara ya mafunzo ya jeshi, na mmoja wa wakubwa wa idara hiyo waliosimamia kazi hiyo alikuwa Imamura.

Ndani ya kijitabu hicho yalikuwamo mambo mema. Askari waliambiwa wawatendee kwa huruma wenyeji wasio na hatia, na wachunge mali za watu. Lakini yalikuwamo pia mafundisho kwamba askari asikubali aibu ya kushikwa mateka akiwa hai. Ndugu zangu, fikirini kidogo. Ukimfundisha kijana kwamba mateka ni mtu aliyeaibika, aliyepaswa kufa naye hakufa, kijana huyo atamtendeaje mateka atakayewekwa mikononi mwake? Atamwona kama mtu aliyekwisha kupoteza utu wake. Hapo ndipo nilipolielewa neno la marehemu baba.

Vita vya Pasifiki vilianza Desemba 1941. Imamura akapewa Jeshi la 16, akatumwa kuiteka Java, iliyokuwa koloni la Waholanzi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 1942 majeshi yake yalipokuwa yakishuka pwani, meli aliyopanda ilipigwa kwa kombora la majini, na wengi husema kwamba kombora lile lilitoka katika manowari ya Wajapani wenyewe. Jenerali akaelea baharini gizani akishikilia ubao, mpaka akafika ufukoni amejaa mafuta meusi mwili mzima. Baada ya siku chache tu Waholanzi wakasalimu amri.

Namna alivyotawala Java iliwashangaza wengi. Aliwatendea wenyeji kwa upole kuliko majemadari wenzake walivyofanya mahali pengine. Sukarno, mpigania uhuru ambaye Waholanzi walikuwa wamemfunga na kumhamishia mbali, alirudishwa Java, na Imamura akazungumza naye kama mtu mzima azungumzavyo na mtu mzima. Wakubwa kule Tokyo walinung'unika kwamba amelegea mno. Yeye hakubadili mwendo wake. Mpaka hapa tungeweza kusema kwamba huyu ni mtu mwema aliyevaa nguo za vita.

Lakini Novemba 1942 alihamishiwa Rabaul, katika kisiwa cha New Britain, upande wa mashariki wa New Guinea. Sisi Waanglikana tuna habari za nchi zile. Tarehe 2 Septemba kanisa huwakumbuka Mashahidi wa New Guinea, wamisionari na wenyeji 12 waliokufa wakati wa vita, wengi wao mwaka 1942, wakiwamo mapadre, wauguzi na walimu. Kwa haki yapasa niseme kwamba wengi wao walipouawa Imamura alikuwa bado yuko Java, na damu ya hao haiwezi kuwekwa katika hesabu yake. Tunapopima hatia ya mtu, hata adui, mizani isiwe ya uongo.

Hesabu yake ilianzia Rabaul. Huko alikuwa mkubwa wa majeshi yaliyotawanyika katika visiwa vingi. Katika miaka ya 1943 na 1944 Wamarekani na Waaustralia waliteka visiwa vya kandokando, wakaizunguka Rabaul bila kuivamia, wakaiacha pale kama mti uliokatwa mizizi. Meli za chakula hazikuweza kufika tena. Imamura akawaamuru askari wake wachimbe mahandaki na kulima mashamba, naye mwenyewe akashika jembe. Watu hao waliweza kujilisha mpaka mwisho wa vita, na jambo hilo wanalisifu mpaka leo.

Lakini katika mashamba na mahandaki yale walikuwamo watu wengine ambao sifa hazikuwafikia. Walikuwa mateka Wahindi, waliotekwa Singapore ilipoanguka Februari 1942, wakaletwa kufanya kazi za suluba. Walikuwamo Wachina, mateka na vibarua. Walipigwa, walinyimwa chakula na dawa, na wengine waliuawa walipougua na kushindwa kufanya kazi. Walikuwamo pia wanawake walioletwa kutoka nchi za mbali na kuwekwa katika nyumba ambazo jeshi lilizifanya kwa ajili ya askari. Hayo yote yalitendeka chini ya mtu aliyekaa India, aliyewajua Wahindi kwa majina na desturi zao, na ambaye katika Java alionekana mpole.

Je, aliamuru mateka wale wateswe? Hapana. Hata mahakama iliyomhukumu haikumshitaki kwa kuamuru. Na hapo ndipo swali la mama yetu linaposimama.

Tarehe 6 Septemba 1945 Imamura alisalimu amri mbele ya Jenerali Sturdee wa Australia, juu ya manowari ya Kiingereza iitwayo Glory, pamoja na watu wake zaidi ya 100,000. Mara uchunguzi ukaanza, na maofisa na askari wake wakaanza kufikishwa mahakamani mmoja mmoja. Aprili 1946 Imamura alimwandikia mkuu wa Waaustralia pale Rabaul, akiomba kesi yake mwenyewe iharakishwe. Mei 1947 akasimamishwa mahakamani. Shitaka lilikuwa kwamba hakutimiza wajibu wake wa kuwatawala watu waliokuwa chini yake, hata wakatenda ukatili. Alijitetea, akasema kwamba Wahindi wale hawakuwa mateka hasa bali watu waliojiunga na Wajapani. Mahakama haikukubali. Alihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Tuwatazame sasa wenzake wawili wa darasani. Tojo alikuwa Waziri Mkuu aliyeiingiza Japani katika vita vile. Alinyongwa Tokyo tarehe 23 Desemba 1948. Kesi yake haituletei swali gumu, maana alikuwa juu ya mambo yote. Kesi ya Honma ndiyo yenye swali. Yeye aliongoza vita vya Ufilipino. Aprili 1942 Wafilipino na Wamarekani wapatao 75,000 walijisalimisha kwake huko Bataan, wakatembezwa kwa miguu mwendo wa kilomita nyingi katika jua kali, na maelfu wakafa njiani kwa kiu, kwa ugonjwa na kwa kuchomwa singe. Honma alisema mahakamani kwamba wakati ule hakujua hali ilivyokuwa, kwa kuwa mawazo yake yote yalikuwa juu ya ngome ya Corregidor ambayo ilikuwa bado haijatekwa. Lakini makao yake yalikuwa karibu na barabara ile ile. Alipigwa risasi tarehe 3 Aprili 1946.

Wako wataalamu wa sheria waliosema kwamba hukumu za namna hii si haki. Katika kesi ya jemadari mwingine, Tomoyuki Yamashita, iliyofika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1946, majaji wawili, Murphy na Rutledge, waliwapinga wenzao. Walisema kwamba mtu asinyongwe kwa matendo ambayo haikuthibitishwa kwamba aliyaamuru au aliyajua, tena wakati majeshi ya adui yenyewe yalikuwa yamemkatia njia za kuwasiliana na watu wake. Hoja hiyo ina nguvu, nasi tusiipuuze. Kama kila mkubwa atahukumiwa kwa kila kosa la kila mdogo, hakuna baba, mwalimu, wala padre atakayesalimika, na waovu watapata mahali pa kujificha nyuma ya wakubwa wao.

Hata hivyo neno "sikujua" lina namna nyingi. Yupo asiyejua kwa sababu hakuwa na njia ya kujua. Huyo hana hatia. Yupo asiyejua kwa sababu hakuuliza. Na yupo asiyejua kwa sababu amekwisha kuwaonyesha watu wake kwamba hapendi kuambiwa. Huyu wa tatu ndiye mwenye hatari kuliko wote, kwa kuwa dhamiri yake hulala vizuri.

Hapa ni lazima nisimulie jambo langu mwenyewe, ingawa si rahisi kwangu.

Nilipata kuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni. Shule ilikuwa na sifa ya nidhamu, nami nilijivunia. Kila Jumatatu asubuhi nilikutana na viranja, na maneno yangu yalikuwa yale yale: "Mambo ya bwenini myamalize wenyewe. Sitaki kelele zifike ofisini kwangu." Usiku mmoja viranja wawili walimpiga mtoto wa kidato cha kwanza kwa sababu alichelewa kuleta maji. Mkono wake ulivunjika, na hawakusema mpaka asubuhi.

Wakubwa wa elimu walipokuja kuuliza, nilisema sikujua, na ilikuwa kweli. Baba wa mtoto alikuja naye, mkulima mpole aliyevaa kanzu yake ya Jumapili. Hakunipigia kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, usiku ule ulilala wapi?" Nikamwambia, nyumbani kwangu. Akatazama dirishani, akaiona nyumba yangu, hatua zipatazo 100 kutoka bwenini. Akanyamaza, akamchukua mwanawe, wakaenda.

Viranja wale wawili walifukuzwa shule. Mimi, baada ya mwaka mmoja, nilihamishwa kwa kupandishwa cheo.

Wasomaji wangu, sasa mtaelewa kwa nini nilipomsoma Honma na ile barabara sikuweza kuendelea kusoma siku ile. Na mtaelewa kwa nini namjibu mama yetu hivi: Eli alikosa katika mambo mawili. La kwanza, alikuwa na uwezo wa kuwaondoa wanawe katika kazi ya ukuhani, naye akawaonya tu kwa maneno, huku wakiendelea kukaa penye sadaka. Wazee wetu walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. La pili, wanawe walikuwa wamelelewa katika nyumba yake. Kabla ya kuwa makuhani waovu walikuwa watoto waliomtazama baba yao. Mkubwa hujibu kwa lile aliloacha kuzuia, na hujibu pia kwa lile alilofundisha, hata kama alilifundisha kwa nia njema. Kanisa letu lajua jambo hili, ndiyo maana katika maungamo ya watu wote hatutaji mabaya tuliyotenda tu, bali na mema tuliyoyaacha.

Pilato naye alikuwa mkubwa. Aliomba maji akanawa. Lakini kila Jumapili jina lake latajwa katika Imani, katika makanisa yote ya dunia, na maji yale hayakumsaidia kitu.

Turudi kwa Imamura, maana habari zake hazikuishia mahakamani. Waholanzi nao walimshitaki huko Batavia kwa mambo ya Java, naye akaonekana hana hatia. Mwaka 1950 alirudishwa Japani kumaliza kifungo chake katika gereza la Sugamo, Tokyo. Hapo alikuwa karibu na mke wake na watoto. Angeweza kukaa kwa utulivu na kuhesabu siku. Lakini askari wake waliokuwa wamehukumiwa walikuwa wangali kifungoni katika kisiwa cha Manus, chini ya jua la ikweta, wakifanya kazi ngumu. Imamura akaomba kwa maandishi apelekwe Manus akafungwe pamoja nao. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Waaustralia wakakubali, na mwaka huo huo akasafiri tena kuelekea kusini, kwa hiari yake, kwenda gerezani.

Alikaa huko mpaka gereza la Manus lilipofungwa mwaka 1953, wakarudishwa wote Sugamo. Mwaka 1954 akaachiliwa. Hata hivyo hakuingia nyumbani kama mtu huru. Alijenga kibanda kidogo katika bustani ya nyumba yake, chumba cha mikeka mitatu ya Kijapani, ambacho mtu hulala na kuandika na kugeuka tu. Humo alijifungia mwenyewe, akaishi kama mfungwa. Aliandika kumbukumbu za maisha yake, na mapato ya vitabu akayatoa kwa familia za askari waliokufa vitani na za wale walionyongwa baada ya kuhukumiwa. Alikufa Oktoba 1968, akiwa na umri wa miaka 82.

Niliposoma habari za kibanda kile mara ya kwanza machozi yalinilengalenga. Nilijiambia, huyu mpagani ametushinda sisi Wakristo. Ni wangapi kati yetu ambao, baada ya kumaliza adhabu iliyowekwa na serikali, wamejiongezea siku moja? Ni kiongozi gani wa ushirika, wa shule, au wa kanisa, ambaye wadogo wake walipofungwa aliomba naye afungwe? Makumi ya watu wa Imamura walikwisha kunyongwa pale Rabaul, na yeye mkubwa wao akapewa miaka 10. Aliona kwamba hesabu haikulingana, akajitahidi kuilinganisha kwa mwili wake.

Lakini nilipokuwa nikiandaa makala hii nililisoma tena somo la Zakayo, na hapo nikaona jambo ambalo machozi yalikuwa yamenificha. Zakayo alipotubu hakujenga kibanda. Alisimama mbele ya watu akasema kwamba atawarudishia aliowadhulumu, mara nne. Fedha zilirudi kwa wale wale waliozikosa.

Imamura alirudi kwa nani? Alirudi kwa askari wake. Mapato yake yalikwenda kwa wajane wa askari wake. Si jambo dogo, na Mungu ndiye ajuaye uzito wake. Lakini mateka Wahindi waliokufa katika mashamba ya Rabaul nao walikuwa na wajane, katika vijiji ambavyo yeye mwenyewe huenda alivipita mwaka 1927. Vibarua wa Kichina walikuwa na mama zao. Wanawake wa zile nyumba za askari walizeeka na aibu ambayo haikuwa yao. Kibanda cha mikeka mitatu kilimtesa mwenye kibanda, lakini hakikumpa mjane wa Kihindi hata kibaba cha unga. Damu ni nzito kuliko maji, husema watu, na hata toba yaweza kufuata damu: twawalilia wetu waliokosa, na kuwasahau wa wengine waliokosewa.

Sisemi haya ili kumhukumu mzee aliyefanya mengi kuliko mimi. Nasema kwa sababu nimejiona. Kwa miaka zaidi ya 30 nimeungama juu ya usiku ule wa bwenini. Nimefunga, nimesali, na mara mbili nimewasaidia wale viranja waliofukuzwa, maana niliona kwamba wao waliadhibiwa na mimi nikapanda cheo. Nilidhani nimefanya toba ya kweli, hata ya ziada. Lakini yule mtoto aliyevunjwa mkono sikumwendea hata siku moja. Wala sikumwendea baba yake. Nilikuwa na kibanda changu mwenyewe, nami nilikizoea.

Basi neno langu kwa mama yetu, na kwa sisi sote tulio na watu chini yetu, ni hili. Kwanza, tuulize kabla hatujaulizwa. Mweka hazina na apende kukaguliwa; mzee wa kanisa na atembelee mahali ambapo vijana hukutana; mama mwenye msichana wa kazi nyumbani na aangalie watoto wake wanamwitaje msichana yule wakati yeye hayupo. Pili, tuyapime maneno yetu ya kila Jumatatu, maana wanaotusikia huyatenda kwa mikono yao. Tatu, ikiwa tumekwisha kukosa, tusitosheke na kujitesa. Kujitesa kuna faraja yake, kwa sababu mwenye kujitesa bado anajitazama mwenyewe. Twende kwa aliyeumizwa.

Nimeulizia mpaka nimepata habari. Baba yule amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Mtoto ni mtu mzima sasa, naye ana watoto. Ni fundi seremala, na nimeambiwa kwamba mkono wake haunyooki vizuri mpaka leo. Nilimwandikia barua kabla ya Kwaresima, akajibu kwa mistari miwili, kwamba yupo, na kwamba nikitaka kuja nije siku ya Jumamosi. Hakusema kwamba amenisamehe, na sina haki ya kumwomba aseme kabla sijafika.

Jumamosi ijayo nitapanda basi la asubuhi. Nawaomba mniombee.

Ni mimi mwenzenu katika Kristo,

Mwalimu mstaafu